Gongo la besiboli: la aluminiamu au la mbao?

Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, ligi ya besiboli ya watoto, kule Marekani. Besiboli tunaiweza, basi. Mbona wapigaji wetu wengi hawavushi mpira uzio?

Gongo la aluminiamu lina uwazi ndani. Ukuta wake hubonyea kidogo na kurusha mpira, hata ukiugonga vibaya unaenda. Hapo ndipo linapodanganya: kijana anapiga kwa mikono tu, nyonga zimelala.

La mbao halisamehe. Ugonge karibu na mshikio, linavunjika (kwetu linaishia jikoni, kuni). Lakini linakulazimisha uzungushe kiuno. Mazoezini ningechagua mbao, mechini, aluminiamu.