Kununua Chevrolet SSR yenye maili chache: ipi ianze, ipi isubiri

Anayetaka pikapu yenye sura ya zamani, paa linalofunguka na injini ya V8, kwa kweli anatafuta gari moja tu: Chevrolet SSR. Ilionyeshwa Detroit mwaka 2000 kama gari la mfano, ikauzwa kuanzia 2003 hadi 2006, na hazikufika 25,000 zilizotoka kiwandani Lansing, Michigan. Umbo lake limefuata pikapu za Chevrolet za miaka ya 1947 hadi 1955, lakini chini yake kuna fremu ya ukoo wa TrailBlazer. Kumbuka hilo kabla ya kutoa dola hata moja. Vipuri vya injini, gia na breki vinapatikana kwa urahisi Marekani, kwa sababu magari mengine mengi ya General Motors (GM), kampuni mama ya Chevrolet, yanavitumia. Vya bodi na paa ni vya SSR peke yake, na havitengenezwi tena kwa wingi. Kwa hiyo injini iliyochoka inatibika. Paa lililovunjika ndilo litakalokusumbua.

Nafasi ya kwanza: 2005 au 2006 yenye gia za mkono. Mwaka 2005 SSR ilipata injini ya LS2 ya lita 6.0, nguvu za farasi 390, na kwa mara ya kwanza mnunuzi aliweza kuchagua giaboksi ya Tremec T-56 ya gia sita. Gari lina uzito wa zaidi ya tani mbili, na hapa ndipo linapata injini inayolitosha. Mwaka 2006 nguvu iliongezwa kidogo tu, hivyo usilipie tofauti kubwa kati ya miaka hiyo miwili; lipia hali ya gari. Unapolijaribu, weka gia ya nne ukiwa mwendo wa taratibu kisha kanyaga mafuta hadi chini. Injini ikipanda mzunguko bila gari kuvuta, klachi imekwisha, na kuibadilisha kunalazimu giaboksi yote ishushwe.

Ya pili: 2005 au 2006 ya otomatiki. Injini ni ileile, bei mara nyingi ni nafuu zaidi, na kwa anayeendesha mjini haina hasara yoyote.

Ya tatu: 2004. Ina injini ya V8 aina ya Vortec ya lita 5.3, nguvu za farasi 300, na otomatiki ya gia nne aina ya 4L60-E. Injini hii ni ngumu na haina ule mfumo wa kuzima baadhi ya silinda ulioleta kesi nyingi katika V8 za GM za baadaye. Giaboksi ndiyo ya kuchunguza: klachi za ndani za gia ya tatu na ya nne ndizo huungua kwanza. Chomoa dipstiki, oili iwe nyekundu na isinuke kuungua. Kisha endesha hadi gia ya tatu iingie, usikilize kama injini inapaa kidogo kabla gia haijashika.

Ya nne: 2003. Mitambo ni ileile ya 2004, ila ni toleo la mwanzo. Inunue kama imetunzwa kuliko nyingine zote unazoziona, au kama unakusanya magari na unataka ya mwaka ambao SSR iliongoza mbio za Indianapolis 500.

Dodge Dakota ya paa wazi, ya 1989 hadi 1991, hutajwa kama mbadala. Ni pikapu halali yenye paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, lakini sura yake si ya kizamani kwa makusudi, na vipuri vya paa lake ni adimu zaidi. Tunaiweka mwisho.

Sasa hizo maili. Sheria ya serikali kuu ya Marekani haimlazimishi muuzaji wa gari la mwaka 2010 au kabla ya hapo kuthibitisha kwa maandishi usomaji wa odometa anapohamisha umiliki. SSR zote zimo humo. Basi "maili 6,000 tu" ni maneno matupu mpaka uone ushahidi: risiti za huduma zenye tarehe na maili zinazopanda kwa mfuatano, ripoti za ukaguzi wa jimbo, raba ya pedali isiyolika, na ukingo wa kiti cha dereva usio na mikunjo mirefu. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2304 ni wiki ya 23 ya mwaka 2004. Matairi ya kiwandani yanaunga mkono dai la muuzaji, na papo hapo yanakudai seti mpya, kwa sababu mpira wa umri huo haufai barabarani hata kama kashata zake zimejaa. Mbele ni 255/45R19 na nyuma 295/40R20, kwa hiyo hayabadilishani nafasi, na hiyo ya nyuma haipatikani kwa kila muuza matairi. Pata bei kabla ya kuanza kupatana.

Paa lipewe nusu saa nzima. Hakikisha betri ina nguvu, washa injini, gari lisimame mahali tambarare, kisha fungua na funga mara tatu mfululizo. Vipande viwili vya paa vinatakiwa kusimama wima nyuma ya viti bila kusita na bila upande mmoja kutangulia mwingine. Likigoma katikati, mara nyingi ni sensa ya mahali, waya uliochoka kwenye mkunjo, au umeme hafifu. Muuzaji akisema ni betri tu, aweke nyingine ukiwapo. Likiwa limefungwa, mwagia maji ya bomba kwa dakika kumi kuanzia juu ya kioo cha mbele, halafu bonyeza zulia nyuma ya viti kwa kiganja. Unyevu hapo unamaanisha raba zimekauka au njia ya maji imeziba. Kagua pia kifuniko kigumu cha sehemu ya mizigo ya nyuma: nyufa karibu na bawaba, na shoki za gesi zisizokishikilia juu.

Herufi ya kumi ya VIN (namba ya utambulisho wa gari) itakuambia mwaka wa modeli: 3, 4, 5 au 6. Ingiza VIN yote kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la Marekani la usalama barabarani, uone kama kuna marekebisho ya kiwanda ambayo hayajafanywa, na usome hati ya umiliki kwa makini. Iliyoandikwa "salvage" (yaani gari liliwahi kuharibika vibaya) kwenye gari lenye bodi isiyo na vipuri, iache.

Ukishanunua gari lililokaa, usiliendeshe mbali kabla ya wiki ya kwanza ya matengenezo. Toa petroli ya zamani tangini, badilisha oili ya injini, mafuta ya breki, oili ya difu na giaboksi, mkanda na hosi za rejeta. Kulanti (kimiminika cha kupozea injini) ya Dex-Cool ina muda wa miaka mitano hata kama gari halikutembea. Ikiwa ya kahawia na yenye tope, osha mfumo mzima kabla ya kujaza mpya.