Amplifaya ya valvu ya wati 5 kwa mpiga solo wa Tanga: uzoefu wangu wa kuirekebisha

Hii ni amplifaya ndogo ya gitaa inayouzwa kama seti ya vipande; unaiunganisha mwenyewe kwa pasi ya lehemu. Saketi yake ni ile ya Fender Champ 5F1, mchoro wa miaka ya 1950, yenye valvu tatu (taa za kioo zinazoongoza umeme): 12AX7 moja (wengine huiita ECC83) ya kukuza sauti ya gitaa, 6V6GT moja ya kusukuma spika, na 5Y3GT ya kugeuza umeme kuwa DC, yaani wa mwelekeo mmoja. Kinobu ni kimoja tu, cha voliumu. Spika ni ya inchi 8. Nimeipiga kwa dansi na kwa taarabu, na nasema wazi kwamba inafaa kununuliwa, ila ukiiacha ilivyo, besi yake itakuchosha.

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu mashine hii unalenga kuifanya ikwaruze mapema, kwa ajili ya roki na bluzi. Tanga ina sikio jingine. Mji huu ndio uliotoa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na Black Star walioingiza gitaa la umeme kwenye taarabu. Solo ya hapa inadonolewa kwenye nyuzi nyembamba, na kila noti inatakiwa isimame yenyewe, iwe safi hata voliumu ikipanda. Marekebisho yote ninayoyaeleza yanafuata lengo hilo.

Kabla ya kuingiza mkono, chomoa plagi, kisha pitisha rezista ya kiloomu 10 ya wati 5 kati ya upande chanya wa kila kapasita kubwa na chesisi (fremu ya chuma), huku multimita ikisoma. Subiri ishuke chini ya volti 10. Humo hubaki volti zaidi ya 300 hata mashine ikiwa imezimwa, na zinaua. Kugusisha bisibisi, kama wafanyavyo mafundi wengi, kunaunguza pini na kuumiza kapasita.

Rekebisho lenye faida kuliko yote ni la kapasita moja ya bei ndogo. Fuata waya unaotoka kwenye jeki ya gitaa mpaka kwenye soketi ya 12AX7. Ukiishia pini ya 2, kathodi yake (ncha hasi ya valvu) ni pini ya 3. Ukiishia pini ya 7, kathodi ni pini ya 8. Hapo utakuta rezista ya kiloomu 1.5 na kapasita ya mikrofaradi 25 zimelala sambamba. Mikrofaradi 25 inaipa nguvu besi yote, hadi chini ya hertz 10, wakati waya mnene wa gitaa, ile E ya chini, uko kwenye hertz 82. Mzigo huo wote unafika kwenye 6V6 na kwenye transfoma ndogo ya sauti, unakula nafasi, na noti nyembamba zinazama. Toa 25, weka 1. Sasa upungufu wa besi unaanzia karibu hertz 200. Besi haikatiki kabisa. Inashuka kama desibeli 6 tu, ndiyo maana sauti inabaki na mwili. Anayepiga rithimu zaidi kuliko solo aweke 2.2, ambayo inaanzia kama hertz 90. Nimejaribu pia 0.68: kwa gitaa lenye pikapu za koili moja inakuwa kali, inachoma masikio. Tumia kapasita ya filamu ya volti 63, haina chanya wala hasi. Ukitumia ya elektroliti, hasi iende kwenye chesisi. Ukiigeuza itavujisha umeme na kuvuruga volti ya kathodi.

Cha pili ni cha kuacha kama kilivyo. Kutoka kwenye spika kuna rezista ya kiloomu 22 inayorudisha sehemu ya sauti kwenye kathodi ya nusu ya pili ya 12AX7. Wengi huikata ili mashine ipige kelele zaidi, na kweli inapiga, ila spika inalegea na noti zinaacha mkia. Kwa kazi yetu iache. Ukitaka ukali kidogo, ya kiloomu 47 inatosha. Na ukibadilisha transfoma ya sauti, mashine ikapiga yowe mara inapopata moto, usitafute kapasita mbovu: mrejesho, yaani ile sauti inayorudishwa, umegeuka kuwa chanya. Badilishana nyaya mbili za upande wa msingi wa transfoma, ule unaokwenda kwenye anodi (ncha chanya ya 6V6) na ule wa volti kubwa, na yowe litakwisha.

Mvumo ndio unaolalamikiwa zaidi, na una haki ya kulalamikiwa. Amplifaya yenye valvu moja ya mwisho haina valvu ya pili ya kufuta mvumo ndani ya transfoma, hivyo kila uchafu wa umeme unafika kwenye spika. Sikiliza ni mvumo gani. Ukiwa wa hertz 100, wenye makali kidogo, kagua kapasita za kuchujia: ya pili na ya tatu za mikrofaradi 8 zipandishe hadi 22. Ya kwanza usizidishe 22, maana 5Y3GT haikuundwa kujaza kapasita kubwa na itakufa mapema. Zote ziwe za volti 500. Mashine ikiwashwa, 5Y3 inapata moto kabla 6V6 haijaanza kuvuta, na kwa transfoma ya volti 325 kila upande volti hupanda kwa muda hadi karibu 460. Kapasita za volti 400 zilizong'olewa kwenye balbu za kubana matumizi, zinazopatikana kwa urahisi kwa mafundi wa Ngamiani, hazifai hapa. Volti hazitoshi na joto limeshazikausha.

Ukiwa wa hertz 50, mzito na laini, angalia nyaya za hita, zile zinazopasha valvu moto. Kwenye mchoro wa asili upande mmoja wa hita umefungwa kwenye chesisi. Ufungue, weka rezista mbili za ohm 100, moja kila upande, zikutane, na pale zinapokutana peleka kwenye kathodi ya 6V6 yenye volti kama 20. Nyaya zisokotwe pamoja. Baada ya hapo mvumo unabaki wa kusikika ukiwa umeinamia spika tu.

Pima na mkondo wa 6V6. Chukua volti zilizo juu ya rezista ya kathodi, gawanya kwa 470, ambazo ndizo ohm zake. Ukisoma volti 22 ni miliampea 47. Toa kama 3 za skrini (gridi ya pili ya valvu), zidisha na volti zilizo kati ya anodi na kathodi, tuseme 323, unapata wati 14. Hapo umefika ukingoni mwa valvu hiyo, na umeme ukipanda usiku bamba la anodi litakuwa jekundu. Weka ohm 560 ya wati 5, unashuka hadi karibu wati 12. Kama transfoma ya umeme ina tapu (waya wa kuingizia umeme) ya volti 240, tumia hiyo badala ya 220.

Pesa kubwa iende kwenye spika, si kwenye valvu za jina. Spika ya inchi 8 yenye unyeti wa desibeli 92 ukiibadilisha kwa ya inchi 10 au 12 yenye 98, ni sawa na kuzidisha wati mara nne. Ohm zilingane na transfoma: ya 4 ikibebeshwa spika ya 8, nguvu inapungua. Usiwashe kamwe bila spika, utapasua insuleta ya transfoma.

Kuhusu valvu, badiliko moja tu linastahili: 12AY7 mahali pa 12AX7. Kiwango chake cha kukuza sauti ni kama 44 dhidi ya 100, na mashine inabaki safi mpaka juu zaidi. Inachomekwa tu, bila lehemu.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, Raskazone na kwingineko, rezista za kaboni za zamani zinanywa unyevu, zinapanda thamani na kuleta sauti ya "shhh". Zile za kiloomu 100 kwenye anodi weka za filamu ya metali, wati 1. Pini za soketi hushika kutu ya chumvi na kukwaruza; zisafishe kwa spiriti ya isopropili, kisha zibane kidogo kwa sindano, kapasita zikiwa tupu. Ukumbini penye ngoma, wati 5 hazifui dafu peke yake: weka maikrofoni karibu na kitambaa cha spika, nusu ya njia kati ya kitovu na ukingo wa koni, na uipeleke kwenye miksa.