Uzoefu wangu: mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) na kuchagua chuo ukiwa mtoto wa mkulima wa korosho

Nilianza chuo 2023, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) pale Morogoro, kampasi ya Mazimbu, nasomea ualimu wa sayansi. Nimeona niandike jinsi nilivyofika maana kila mwaka matokeo ya form six yakitoka wadogo zangu wa kule kijijini wananipigia simu na maswali ni yale yale, dada chuo gani rahisi, dada mkopo unapatikanaje, na kwenye simu vocha inaisha hata sijafika nusu.

Nyumbani ni Newala, kusini kule Mtwara. Baba alifariki nikiwa form two, mama analima korosho na kaya yetu ipo TASAF, ule mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Kwahiyo mtu akisema "lipia tu kwanza mkopo utakuja" kwetu hiyo sentensi haina maana, hakuna cha kulipia kwanza. Form six tulibahatika kuondolewa ada, ilianza mwaka ule ule wa 2022/23 nilipokua six, lakini chuo ni habari nyingine.

Kosa nililotaka kufanya ni kuchagua chuo kwa kuangalia ada peke yake. Kulikua na chuo kimoja binafsi Dar, ada yake kwenye tangazo ilikaribiana kabisa na ya serikali, na kuna kaka alikua anapita mashuleni anakitangaza anasema nafasi zipo na mkopo ni uhakika. Mjomba wangu ndo alinikalisha chini, akachukua daftari la hesabu la mdogo wangu akachora mistari, akasema andika ada, sasa andika chumba, andika kula, andika nauli ya daladala kwenda na kurudi mara siku tano mara wiki zote, andika nauli ya kutoka Newala. Dar geto la kawaida mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Tulipofika hapo mama akaacha kupepeta mchele akasema, "Hiyo ya miezi sita peke yake ni korosho zangu zote." Hatukuendelea na ule mstari. Morogoro kuna hosteli ya chuo, darasani naenda kwa miguu, na sokoni mboga na ndizi bei iko chini kuliko mjini Dar, ikawa ndo chaguo la kwanza.

Halafu kuna vile vidogo vidogo ambavyo hakuna anayekwambia. Ukifungua joining instruction shuka mpaka chini kabisa kwenye michango mingine, utakuta bima ya NHIF 50,400, ya TCU (tume inayosimamia vyuo vikuu) 20,000, kitambulisho, usajili, serikali ya wanafunzi, na mara nyingi hizi unatakiwa uwe nazo mkononi siku ya kusajiliwa, mkopo hauzigusi. Mimi nilizihesabu mapema nikaambiwa na mama tuuze mbuzi mmoja, tukauza. Kuna mwenzangu tulipanda nae basi moja alifika chuo na nauli tu na elfu kumi, alilala kwa ndugu wa ndugu wiki nzima anatafuta hiyo laki kasoro.

Na muda wenyewe jamani. Chuo kinafungua Oktoba Novemba, minada ya korosho nayo inaanza Oktoba, ukishapeleka mzigo AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) unasubiri mnada, unasubiri hela iingie benki, kwahiyo hela ya mkulima wa kusini inafika wakati wenzako wameshasajiliwa. Ukiwa mtoto wa korosho panga hela ya usajili itoke kwenye kitu kingine kabisa, usiipigie hesabu ile ya mnada wa kwanza.

Sasa mkopo. Maombi yanafanyika mtandaoni kwenye mfumo wa HESLB, ada ya maombi 30,000 unalipa kwa control number, unaingia kwa namba yako ya mtihani ya form four, na namba hiyo hiyo ndo utumie ukiomba chuo, ukiandika nyingine huku na nyingine kule hawawezi kukuunganisha. Fomu ukishajaza unaprinti, unasaini wewe, mdhamini wako, serikali ya kijiji au mtaa, na wakili au hakimu, halafu unaskani unapandisha. Kwa upande wa mfumo wenyewe sina shida nao, ukiwa na nyaraka zote ni kazi ya siku mbili. Nyaraka ndo kazi.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, ofisi ya serikali ya vizazi na vifo, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho hivyo hivyo. Sisi cha kifo hatukua nacho! Kijijini kwetu mtu akifa unapata kibali cha mazishi maisha yanaendelea, nani atakumbuka kwenda wilayani kufuata cheti. Mama alianza kukifuatilia nikiwa JKT, mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa baada ya form six, barua ya mtendaji, mashahidi, wilayani, rudi kesho, alienda mara nne na kila mara ni nauli. Ningejua tungeanza nikiwa form five. Na hili la JKT lizingatieni, ukipangiwa mujibu wa sheria unakua kambini miezi ile ile ambayo mambo ya chuo na mkopo yanafunguliwa, kwahiyo nyaraka ziwe tayari kabla hujapanda gari la kambini na umuachie mtu mmoja unayemuamini.

La pili ni jina. Cheti changu cha kuzaliwa jina la baba limeandikwa kwa y, cheti cha form four kwa i. Herufi moja tu. Nikaenda Mahakama ya Mwanzo kula kiapo, hakimu akavilaza vile vyeti viwili mezani, akaweka kidole kwenye ile y, kidole kingine kwenye i, akaniuliza, "Mwanangu, huyu na huyu ni mtu mmoja?" Nikamjibu ndiyo mheshimiwa, ni marehemu baba. Akakaa kimya kidogo ndo akagonga muhuri. Nilitoka pale nikalia nje, sijui kwanini, nadhani ni kusikia baba anaulizwa kama ni mmoja au wawili.

La tatu, steshenari. Wengi hatuna kompyuta kwahiyo tunajaziwa. Kijana aliyenijazia maombi ya chuo aliweka namba yake ya simu na imeili yake, hakuniambia na mimi sikuangalia. Nikachaguliwa vyuo viwili, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unatakiwa uthibitishe kimoja kwa kodi, yaani namba ya siri inayotumwa kwenye simu kabla ya siku ya mwisho. Kodi ikaenda kwake. Yeye alikua amesafiri! Nilimpata siku moja kabla ya dirisha kufungwa kwa kupitia dada yake anayeuza genge. Kwahiyo kaeni kwenye kiti pembeni yake, soma kila boksi kwa mdomo, namba iwe yako au ya mzazi, pasiwedi uandike kwenye karatasi uondoke nayo.

Kwenye mkopo nilipangiwa chakula na malazi yote na sehemu ya ada, iliyobaki tunailipa kwa semista korosho zikitoka. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, ilipandishwa kutoka 8,500. Bumu, ndo tunavyoiita hiyo hela ya kujikimu, linakuja kwa awamu, unasaini kwa alama ya kidole, na siku likiingia utaona laki kadhaa mkononi ambazo hujawahi kuzishika maishani mwako. Hapa naomba mnisikilize, ile ni hela ya kula ya siku karibu sitini. Mimi siku hiyo hiyo nanunua mchele, maharage, mafuta, unga, sabuni, nalipa deni la ada kama lipo, inayobaki naigawa kwa wiki. Wiki za mwisho kabla ya bumu jingine ndo watu wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, na ukikaa kwenye mtihani na njaa sapu, yaani kurudia mtihani, haiko mbali. Nimeona watu wenye akili kunizidi wakidisko, wanaondolewa chuo kwa kufeli, kwa namna hiyo na inaniuma mpaka leo.

Na ni mkopo jamani, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka uishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa 2021 kwahiyo unalipa ulichokopa, kwangu mimi hiyo ni haki na nitalipa, maana na mimi nakula kilicholipwa na waliotangulia.

Skolashipu. Samia Skolashipu ipo tangu 2022/23 kwa waliofaulu juu kabisa kombi za sayansi form six, hiyo inakulipia bila deni, kwahiyo kama uko form five sasa na una uwezo ikazanie, mimi division two ya CBG (kemia, baiolojia na jiografia) haikutosha. Ila hawa wanaosema wana skolashipu za Kanada, sijui za Uturuki, tuma 350,000 ya kufungulia faili, msiwatumie hata mia. Jirani yetu alitoa hela ya shamba alilokodisha, aliyempokelea hajapokea simu tena. Anayetaka kukusomesha kwa sababu huna hela hawezi kuanza kwa kukuomba hela.

Ningekua naanza upya ningechagua vile vile, Morogoro na ualimu wa sayansi, sijutii. Kitu ningebadilisha ni kuanza mapema tu.

Mdogo wangu yuko form three. Juzi nilipoenda likizo nilipita shuleni kwao kwa mwalimu wa taaluma, kabla hawajasajiliwa mtihani wa form four, nikampa kopi ya cheti cha kuzaliwa. Tumekaa wote tumeangalia herufi kwa herufi. Jina la baba limeandikwa kwa y.