Maharage kwa nusu uniti: jiko la presha la umeme, uzoefu wangu Tabata

Kama kwenu maharage, makande au kongoro hupikwa zaidi ya mara moja kwa wiki, nunua jiko la presha la umeme. Nalisema hilo mapema ili anayetaka jibu la haraka alipate, kisha niende kwenye hesabu. Wanaoyatangaza majiko haya huonyesha mwanamke anayetabasamu na sufuria inayong'aa, hawaonyeshi mita. Na wanaoyaponda, wengi wao hawajawahi kusoma Luku, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kabla na baada ya kupika.

Langu ni la lita 6, wati 1,000, la vitufe. Nililipa Sh 150,000 Kariakoo baada ya kuvutana bei. Chapa siitaji kwa makusudi: kwenye rafu yalipangwa ya majina mbalimbali, lakini ukifungua mfuniko unakuta sufuria ya ndani, mpira na kitufe cha mvuke vinavyofanana mno. Nitakayoyasema yanahusu aina hii ya jiko kwa jumla.

Linavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Maji yakichemka kwenye sufuria ya kawaida hayapiti nyuzi 100. Mvuke ukifungiwa ndani, yanapanda hadi karibu 115, na punje ngumu inaiva kwa muda mfupi zaidi. Likishapata presha, umeme unajikata, unarudi kidogo pale joto linaposhuka, na ukuta wake mnene hauachi joto lipotee. Kwa hiyo zile wati 1,000 zilizoandikwa nyuma, ambazo ndizo huwatisha watu, hutumika zaidi wakati wa kupasha, si muda wote wa kupika.

Ili nisidanganyike, nilichomoa friji, nikazima taa, nikahakikisha hakuna kingine kinachokula umeme nyumbani, nikasoma mita. Kilo moja ya maharage ya njano, bila kuloweka: yameiva kwa kama saa moja, mita imekula nusu uniti. Makande yaliyolowekwa usiku kucha yamekwenda juu kidogo ya hapo. Kongoro, mpaka nyama ikaachana na mfupa yenyewe, robo tatu ya uniti. Sisi tuko daraja la bei la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni Sh 292, na ukiongeza VAT na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati) inafika kama Sh 356. Maharage ya kilo yamenigharimu basi kama Sh 180. Kisado cha mkaa hapa mtaani ni Sh 2,000, na maharage hayohayo yalikuwa yakila zaidi ya nusu ya kisado, tena nikiwa pembeni napepea na kuongeza maji.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia: magadi nimeyaacha. Nilikuwa natia kwenye makande na maharage ya zamani yasiyotaka kuiva. Sasa hayahitajiki, na ladha ya mahindi inabaki ilivyo.

Mpishi wa pwani atauliza habari ya nazi, na ana haki. Tui usilitie kabla ya kufunga mfuniko, litakatika. Chemsha maharage kwa maji na chumvi kidogo, toa mvuke, fungua, kisha tia tui zito na ukoroge mfuniko ukiwa wazi kwa kile kitufe cha kukaangia, hadi lianze kutokota. Yanatoka mazuri kabisa, mchuzi mzito, punje nzima. Nyama ya pilau naichemshia humo pamoja na viungo, na supu yake ndiyo napikia mchele. Pilau yenyewe, ile ya kupalia makaa juu ya mfuniko, jiko hili haliwezi. Wali unaiva vizuri, lakini ukoko hupati, na kwetu kuna watoto wanaogombea ukoko.

Ugali sikushauri. Sufuria ya ndani inazunguka unaposonga, na mwiko unakwangua ile rangi nyeusi isiyoshika chakula. Chapati, dagaa wa kukaanga, mayai, vyote hivyo navipika kwa gesi. Mtungi wangu wa kilo 6 umebaki kuwa wa vitu vya harakaharaka tu, na sasa unakaa muda mrefu kuliko zamani, kwa sababu kilichokuwa kikiumaliza ni vyakula vya saa mbili. Kwa mwenye gesi tayari, faida kubwa ya jungu hili naiona hapo.

Kasoro zipo. Mpira wa mfuniko unashika harufu. Ukipika utumbo leo na wali kesho, wali utanukia utumbo hata ukiosha kwa limau. Nimenunua mpira wa pili, mmoja wa nyama, mmoja wa vingine, na kuupata kulinisumbua kuliko kulipata jiko lenyewe. Duka niliponunulia hawakuwa na vipuri, na waranti waliyoniandikia ilikuwa karatasi isiyo na mhuri wala namba ya simu. Jioni umeme unapokuwa mdogo, jiko linachelewa kupata presha. Umeme ukikatika katikati, usifungue: kama presha ilishapanda, chakula kinaendelea kuiva kwa joto lililomo, na mara nyingi nimekuta nyama imekaribia.

Kitu kigumu kuliko vyote kwangu hakikuwa jiko bali Luku. Nyumba tunayoishi ina wapangaji kadhaa na mita moja, kama nyumba nyingi za Tabata, Mbagala na Manzese. Tunachangia kwa kichwa. Siku nilipoingia na boksi, jirani yangu wa chumba cha pili alisimama mlangoni: "Dada, hilo jungu litatumalizia umeme wote." Mama mwenye nyumba naye alishapiga marufuku hita na majiko ya umeme. Nilikwenda kumwamkia, nikamwomba aje asome mita mwenyewe nikipika. Alikaa hadi mvuke ukatoka, akaona nusu uniti. Akasema, "Mwanangu, pasi ya kijana wa mbele inakula kuliko hili." Aliruhusu, kwa sharti kwamba niongeze mchango wangu. Nilikubali, ni haki. Lakini ni wapangaji wangapi wenye mama mwenye nyumba atakayekubali kukaa jikoni asome mita? Mita ndogo ya kila chumba, ile inayofungwa na fundi baada ya Luku kubwa, ingemaliza ugomvi huu, na ningependa kampeni za nishati safi ziizungumzie kama zinavyozungumzia majiko.

Kwa mwenye Luku ya daraja la D1, la watumiaji wadogo, hesabu ni nyingine, na ni mtego. D1 analipa Sh 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, kwa sharti la kutozidi uniti 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo ni Sh 350 kila moja. Akipika kwa umeme chakula kikuu kila siku, anaweza kuongeza uniti 20 au 30 kwa mwezi. Kama taa, simu, televisheni na friji ndogo vilikuwa vinamfikisha 55, jungu linaweza kumvusha mstari. Hata uniti ya Sh 350 bado ni nafuu kuliko mkaa kwa maharage, hesabu inakubali. Ila mtu wa kipato kidogo anaangalia lile daraja asilipoteze, hivyo anarudi kwa muuza mkaa. Yule yule ambaye sera inamtaka aache mkaa ndiye anayeogopeshwa na bei.

Hili linaniuma. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 zilikatazwa kuni na mkaa kuanzia Januari 2024. Lakini mitaani nishati safi imekuwa na maana ya mtungi, na gesi hiyo ya mitungi inaletwa na meli kutoka nje. Umeme tunazalisha wenyewe: Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji peke yake lina mitambo 9 ya megawati 235, jumla 2,115. Uganda waliweka bei ya kupikia, kwamba mteja wa nyumbani akivuka uniti 80 zile zinazofuata hadi 150 zinashuka bei. Kwetu akivuka 75 zinapanda. EWURA na Tanesco, shirika la umeme, wangesogeza mstari wa D1 hadi 120 kwa wanaopikia umeme, magunia ya mkaa yanayoingia Dar kutoka Kisarawe na Handeni yangepungua bila kumkamata mtu barabarani.

Ukienda kununua, omba lijazwe maji na kuwashwa palepale dukani mpaka kitufe cha usalama kipande. Ulizia mpira wa ziada kabla hujatoa pesa. Wakisema hawana, nenda duka la pili. Hakikisha plagi ni ya pini tatu, uchomeke ukutani moja kwa moja, si kwenye ekstensheni nyembamba. Maharage na maji yake yasipite nusu ya sufuria, povu lake linaziba tundu la mvuke. Na jiko usiliweke chini ya kabati. Mvuke unatoka kwa nguvu, mbao zitavimba.