NanoVNA mezani kwa fundi wa koili, Kisumu

Wengi huinunua NanoVNA, kile kipimio kidogo cha mawimbi ya redio, kwa ajili ya antena. Yangu haipandi paani mara nyingi. Hukaa kwenye meza yangu hapa Kibuye ikinipimia koili, na kazi hiyo inaiweza.

Chukua pete nyekundu ya T50-2 (ya unga wa chuma), uiviringishie waya raundi 20. Kwa hesabu ni mikrohenri 1.96 hivi, na ukiipima kwenye megahezi 4 utaona takriban omu 49, yaani jinsi koili inavyozuia masafa hayo. Mashine hii imejengwa kwa kipimo cha omu 50, basi chagua masafa yatakayoileta koili jirani na hapo. Koili hiyo hiyo kwenye kilohezi 100 haifiki omu moja na nusu, na namba zinacheza tu. Ukipanda juu sana nako, alama kwenye duara la Smith (mchoro wa kwenye skrini, nusu ya juu ya koili, ya chini ya kapasita) inavuka mstari na kushuka nusu ya chini: koili imeshakuwa kapasita, maana kila raundi na jirani yake zina ukapasita wao mdogo.

Kabla ya yote sawazisha mashine: ncha zikiwa wazi, zikiwa shoti, kisha na rezista ya omu 50. Fanyia kwenye ncha za klipu, si kwenye soketi. Waya wa sentimita 10 huongeza karibu mikrohenri 0.1, na kuna koili za FM ambazo zenyewe hazizidi hapo.

Utamu wenyewe uko kwenye pete za kuchopoa kwenye vifaa vikuukuu. Ile ya njano yenye ubavu mweupe, ya pawasaplai za kompyuta, itakupa mikrohenri za kupendeza kwenye mita ya kawaida inayopima kwa kilohezi 1. Iweke kwenye NanoVNA, upandishe hadi megahezi 7, uangalie R, yaani ukinzani unaokula nguvu: imepanda, yaani nguvu yako inaliwa ikawa joto. Kwenye chujio la transmita usiitie. (Kwa pawasaplai ni nzuri, usiitupe.)

Kwa ubora wa koili, ile Q (omu za koili ukigawanya kwa R yake), mashine hii siiamini. Koili ya omu 49 yenye Q ya 200 ina R ya robo omu tu, na kuisoma robo hiyo kwa mashine ya omu 50 ni kubahatisha. Kapasita kubwa za pawasaplai nazo zipelekee mita ya ESR (ya kupima ukinzani wa ndani wa kapasita), baada ya kuzimaliza chaji, kwa sababu mlango wa NanoVNA hauna kinga ya maana dhidi ya volti.