Tairi Mpya, Usukani Watetemeka: Ulipie Nini Kwanza

Mjini gari ni shwari, toka Kizingo mpaka Changamwe. Ukishapita Mariakani na sindano ikagusa 90, usukani waanza kukutikisa mikono. Lawama huangukia tairi mpya, ingawa mara nyingi kasoro iko kwenye ufungaji. Tumepanga hapa mambo ya kulipia, la kwanza likiwa lile lenye nafasi kubwa ya kumaliza shida kwa pesa kidogo.

Kabla ya kutoa hata shilingi, kaza nati, kisha pima upepo tairi zikiwa baridi. Fundi hujaza upepo mwingi ili ukingo wa tairi ukae kwenye rimu, halafu akasahau kuupunguza. Kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kisha usikilize gari. Mtetemo ukiwa usukanini, shuku magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti na sakafu, ya nyuma. Ukija wakati wa breki tu, hizo ni diski. Ukija unapokanyaga mafuta na kutulia ukiachilia, mara nyingi ni jointi za ekseli, na muuza tairi hana kosa.

La kwanza: kusafisha habu, kile kitovu cha chuma ambapo gurudumu hufungwa, na kufunga upya. Huku Pwani hili tunaliweka mbele hata ya balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu, na sababu ni upepo wa chumvi. Toa gurudumu utazame mahali rimu inapokutana na habu: mara nyingi utakuta duara la kutu ya kahawia, limevimba na kumomonyoka vipande vyembamba kama ukucha. Kipande kimoja tu kikibaki katikati, gurudumu hukaa upande. Mashine ya balansi haiioni kutu hiyo, kwa sababu imebaki kwenye gari. Sugua habu na mgongo wa rimu kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma king'ae, kisha paka grisi ya shaba kidogo kwenye mdomo wa habu peke yake. Isifike kwenye stadi, zile skrubu zinazopokea nati, wala kwenye diski. Nati zianze kwa mkono gari likiwa juu ya jeki, zikazwe kwa kupishana, na zimalizwe kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza. Toyota ndogo nyingi hutaka 103 Nm. Ile bunduki ya upepo ikimaliza kazi peke yake, nati moja hukaza kupita kiasi na ya pili yake ikalegea. Rudia kuzikaza baada ya kilomita 50 hadi 100.

La pili: balansi mpya, nawe umesimama hapo hapo. Ni kazi ya mamia ya shilingi kwa gurudumu, lakini thamani yake iko kwa anayeifanya. Risasi za zamani, yaani vile vipande vya uzani vinavyobandikwa kwenye rimu, zitolewe zote, matope ndani ya rimu yakwanguliwe, na baada ya kubandika risasi mpya gurudumu lizungushwe tena mpaka lisome sifuri pande zote mbili. Halafu omba jambo ambalo wengi hawalifanyi: lifunguliwe, ligeuzwe nusu duara kwenye shafti ya mashine, lizungushwe tena. Namba ikiruka mpaka gramu 15 au 20, koni ya mashine inayoshika gurudumu katikati haikukaa sawa, na balansi yote ni bure. Gurudumu la gari dogo likidai zaidi ya gramu 80, usikubali kurundikiwa risasi. Tairi itolewe upepo, igeuzwe nusu duara juu ya rimu, ndipo ipimwe upya.

La tatu: pete za katikati, zinazoziba nafasi kati ya habu na tundu la rimu, kama rimu si za kiwandani. Habu ya Axio, Fielder au Probox ni milimita 54.1, rimu za kununua huwa na tundu la 67.1 au 73.1. Bila pete, nati ndizo zinazotafuta katikati, na hukosea. Chukua za plastiki. Za alumini hushikana na chuma kwa chumvi yetu, kuzitoa ni kwa nyundo. Hakikisha pia nati zinalingana na rimu: ya koni haikai kwenye tundu la washa bapa.

La nne: rimu au tairi yenyewe. Kwenye ubavu wa tairi kuna mstari mwembamba unaoizunguka rimu. Ukiwa karibu upande mmoja na mbali upande mwingine, ukingo haujakaa. Toa upepo, paka maji ya sabuni, jaza tena. Kisha sogeza bisibisi karibu na gurudumu linalozunguka taratibu. Likipanda na kushuka kupita milimita 1.5, pima rimu peke yake. Rimu ikiwa nzima, tairi irudi dukani na risiti yake. Rimu ya chuma hunyooshwa. Ya alumini iliyopigwa kwa moto hatushauri, hupasuka. Tairi yenye uvimbe isiende barabarani hata siku moja.

La mwisho: alainmenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu. Ndiyo inayouzwa kwanza kila mahali, na ndiyo isiyohusika kabisa. Hurekebisha gari linalovuta upande au linalokula tairi ukingoni. Ifanye kwa ajili ya hizo tairi mpya, ila usitarajie usukani utulie.