Miezi 8 na projekta ya shilingi 185,000: mimi, mume wangu na ukuta wa sebuleni

Tuliinunua mwezi wa pili, hapa Mwanza, mtaa wa Rwagasore, kwenye duka dogo linalouza redio za magari na taa za sola. Muuzaji alianzia 220,000, tukaishia 185,000 pamoja na waya wa HDMI wa mita 3. Nimengoja mpaka mwezi wa kumi kuandika habari zake, maana kifaa cha umeme ukikisifu wiki ya kwanza unasifu boksi tu. Sasa tumeshaangalia nayo filamu zaidi ya 30, mimi na mume wangu, zamu kwa zamu. Ina kasoro ambazo mtu anapaswa kuzijua kabla hajatoa hela yake, na pamoja na hizo zote ningeinunua tena kesho.

Nianze na boksi, kwa sababu boksi linadanganya. Limeandikwa 4K, yaani picha yenye nukta nyingi sana, kwa herufi kubwa, na pembeni lumen 9,000, yaani kiasi cha mwanga. Kioo cha ndani kinachotengeneza picha kina nukta 1280 kwa 720, basi. Ukiipa filamu ya 4K itaipokea, lakini itaibana mpaka iingie kwenye nukta hizo hizo. Idadi halisi ya nukta utaikuta ndani, kwenye karatasi ya maelezo, kwa maandishi ya kupima macho. Na lumen, kipimo cha kuaminika ni kile cha ANSI, ambacho mwanga hupimwa sehemu 9 za picha kisha ukatafutwa wastani. Boksi letu halitaji ANSI popote. Kwa hiyo nakupa kipimo cha nyumbani kwangu: saa kumi jioni, hata mapazia yakifungwa, huoni kitu cha maana. Saa moja na nusu usiku, taa zimezimwa, picha ya inchi 80 inatulia vizuri kabisa. Kama unataka mechi za mchana, nunua runinga.

Tumeiweka juu ya kabati la vyombo, mita 2 na nusu kutoka ukutani. Mwanzoni tulitundika shuka jeupe. Shuka halifai. Nyumba yetu iko Kitangiri, mlimani, katikati ya mawe, na upepo wa ziwani ukiingia jioni shuka linapumua na nyuso za watu zinavutika. Tena mwanga mwingi unapenya na kupotea nyuma. Mume wangu akapaka ukuta rangi ya maji nyeupe, ile isiyong'aa, kopo la lita 4. Tofauti ilionekana usiku ule ule. Hakikisha tu projekta imekaa sawa na ukuta. Ukiiinamisha na kuinyoosha picha kwa kitufe, maandishi ya pembeni yanafifia.

Sasa niseme kwa nini tuliihitaji. Ijumaa zetu zilikuwa hivi: yeye kibanda umiza kuangalia mpira, mimi kitandani na tamthilia kwenye simu. Hatukuwa tumegombana. Tulikuwa tumenyamaza tu. Miaka 14 ya ndoa, na mazungumzo yamebaki ada, unga, LUKU, na nani atawapeleka mapacha kliniki ya meno. Wazo la zamu lilikuwa lake, na ninalisema hili kwa shukrani. Alisema, "Mama Kulwa, wiki hii unichagulie wewe, wiki ijayo nikuchagulie mimi. Hakuna kukataa." Tukaongeza sheria mbili. Aliyechagua haruhusiwi kuitetea filamu mpaka mwenzake amalize kusema lake. Na kila mmoja lazima ataje kitu kimoja alichokiona ambacho anadhani kimempita mwenzake.

Kwenye simu tulijaribu tukashindwa. Ujumbe unaingia, mkono unachoka, mmoja anaona na mwingine anachungulia. Lakini kubwa zaidi ni maandishi ya chini. Mume wangu anasoma Kiingereza polepole, na kwenye kioo cha inchi 6 alikuwa anaitikia kwa kichwa huku hadithi imeshamwacha. Ukutani kwetu herufi zina urefu wa kidole. Anasoma mwenyewe, akikwama anasema "simamisha," tunalizungumza lile neno, tunaendelea. Filamu ya saa 2 inatuchukua 3 na sijawahi kujutia hata dakika moja. Zamani alikuwa mtu wa filamu za kutafsiriwa, zile za marehemu Lufufu na waliofuata nyayo zake, ambamo mtafsiri anakusimulia kila kitu na chumvi yake juu. Bado anazipenda, na zamu yake ikiwa ya hizo tunakaa nazo mpaka mwisho.

Zamu zake tatu mfululizo alileta Kanumba. Mimi nilikuwa nimeshawaweka Kanumba na wenzake kwenye kapu la "Bongo Movie, watu wanalia sana." Baba Kulwa akaniambia niache kusikiliza kilio, nimwangalie anapomsikiliza mwenzake. Nikaangalia. Kijana yule wa Shinyanga, aliyefariki Aprili 2012 akiwa na miaka 28 tu, alijua kusikiliza kwa uso mzima. Nilikiri hapo hapo sebuleni.

Usiku ninaoukumbuka kuliko wote ni ule nilipochagua Darwin's Nightmare, ile ambayo huku kwetu inaitwa Mapanki. Ni filamu ya matukio ya kweli ya mwaka 2004, kazi ya Hubert Sauper wa Austria, na ilirekodiwa hapa hapa Mwanza: ziwa, uwanja wa ndege, viwanda vya minofu, ndege kubwa za mizigo zinazopeleka sangara Ulaya. Iliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliikemea hadharani, na tangu hapo tuko wengi Mwanza wenye maoni makali juu ya filamu ambayo hatujaiona. Ndiyo sababu niliichagua. Sikufikiri vya kutosha kwamba ninamchagulia mtu aliyekata minofu kiwandani miaka 6, kuanzia 2001.

Ndege ya kwanza ilipotua ukutani, alisogea akakaa ukingoni mwa kiti. Vilima alivitambua. Uzio aliutambua. Waliozungumza Kiswahili hatukuhitaji maandishi. Marubani na Kirusi chao ndio waliotusimamisha mara kwa mara. Mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, mume wangu alimwangalia bila kusema neno. Kisha ikafika sehemu ya mapanki yenyewe, vichwa na mifupa ya sangara baada ya minofu kutolewa, yameanikwa na funza wanatembea. Akasema, "Simamisha." Nilidhani amekwama kwenye neno.

Akasema, "Mama yangu alinisomesha kwa haya."

Picha ikasimama ukutani kama dakika 40. Alinieleza jinsi mama yake alivyokuwa anaamka saa tisa usiku kuwahi getini kiwandani na ndoo mbili. Jinsi ya kuchagua: unabonyeza shingoni, nyama iliyobaki ikirudi juu ni ya leo. Kichwa kinapasuliwa, mafuta yake yenyewe yanatosha kukikaangia. Alikuwa anauza Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, kwa wapakuaji wa mitumbwi, na hela ile ndiyo ada yake mpaka kidato cha nne. Yenye funza yalikuwepo, hakatai, hasa kipindi cha mvua jua likikosekana. Lakini mama yake hakuyagusa.

Miaka 14 ninajua kuwa mama mkwe alikuwa muuza samaki. Sikujua kwamba samaki wenyewe hawakuwa na nyama.

Tulipoendelea tulibishana mpaka saa nane usiku. Yeye anasema mtengenezaji alimkuta mama mmoja kwenye uchafu akamwacha humo humo. Hakumfuata nyumbani kuona alichowapikia watoto wake. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba swali la filamu ni la haki: kwa nini minofu inapanda ndege na sisi tunabaki na mifupa? Hapo alinyamaza, akasema walikuwa wanapima kilo usiku kucha na hakuna aliyewahi kuwaambia kilo moja inauzwa shilingi ngapi huko inakokwenda. Kuhusu silaha, ambazo filamu inadokeza kuwa ndege hizo zilikuwa zinazibeba, alikuwa mwangalifu. "Mimi nilikuwa ndani nakata samaki, sikufungua ndege ya mtu." Watoto wa mitaani anaona kamera ilikaa nao mno. Hatukukubaliana na sidhani kama tutakubaliana. Jumapili yake alinipeleka Kirumba akanionyesha lilipokuwa jiko la mama yake. Pana kibanda cha vocha sasa.

Runinga yetu ni ya inchi 24. Ningependa kusema yote haya yangetokea hata mbele yake, lakini vilima vile asingevitambua, na ni vilima vilivyomsogeza ukingoni mwa kiti.

Nirudi kwenye kasoro. Sauti ya spika ya ndani ni ya bati, na feni inavuma muda wote. Kwenye filamu ya watu wanaonong'ona utakosa nusu. Tulinunua spika isiyo na waya, ikaja na tatizo lake: midomo inatangulia, sauti inafuata. Waya wa sauti wa shilingi 3,000 ulimaliza tatizo hilo. Feni haina dawa. Ila filamu ikiisha na ukaizima, ule mvumo unapokatika ghafla unasikia jinsi nyumba ilivyo kimya, na mara nyingi ni katika kimya hicho mmoja wetu anaanza.

Kasoro iliyoniuma ni weusi. Projekta hii haijui nyeusi, inajua kijivu. Niligundua tulipoangalia Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi. Riwaya nilikuwa nimeshaisoma, na nilikuwa na hamu ya kumwona Yasmin akitoroka ndoa aliyolazimishwa na Denge akihangaikia siasa zake katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Filamu hiyo imejaa usiku na vyumba vya mwanga hafifu, na ukutani kwetu vivuli vyote vilikuwa kama vimemwagiwa vumbi. Nilisikitika kwa niaba ya waliohangaika kuipanga ile mianga. Hata hivyo mume wangu, ambaye hakuisoma riwaya, aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza: Yasmin angekuwa na pa kwenda, angempenda Denge? Bado tunalo.

Wadudu. Zipo jioni ambazo wale wadudu wadogo wa ziwani wanapanda kama moshi, na mwanga wa lenzi unawaita wote. Mwezi wa tano waliingia kwenye feni, projekta ikaanza kujizima kwa joto. Fundi wa Makoroboi aliifungua, akaisafisha kwa brashi, 10,000. Tangu hapo nyavu za madirisha ni lazima, na kila mwisho wa mwezi napuliza matundu kwa pampu ya baiskeli.

Kwa upande wa umeme haikusumbui. Inakula wati 70, maana yake uniti 1 ya LUKU inatosha filamu 7 za saa 2. Betri haina, kwa hiyo umeme ukikatika na hadithi inakatika. Imetutokea mara 4. Mara ya mwisho ulikuwa umebaki mwisho mtupu wa filamu, tukakaa gizani tukaumalizia wenyewe, kila mtu na mwisho wake. Umeme uliporudi saa sita tulikuwa hatutaki tena kujua wa kweli. Tuliuangalia asubuhi ya Jumamosi kwenye simu, na wa mume wangu ndio uliokuwa karibu zaidi na wa kweli.

Rimoti ni nyepesi na vitufe vimeshaanza kufutika. Flashi inasoma vizuri mpaka GB 64; hatujajaribu zaidi. Kupitia intaneti tunatumia simu na waya, maana programu zilizomo ndani yake ni nzito na zinakwama, na kifurushi kinaliwa haraka, kwa hiyo tunashusha filamu kazini kwangu kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, baada ya saa za kazi.

Ukienda kununua ya aina hii, beba flashi yenye filamu unayoijua, yenye matukio ya usiku, na umwombe muuzaji azime taa za duka. Atasita; mwombe tena. Sisi tulionyeshwa samaki wa rangi wakiogelea kwenye mwanga mkali, na samaki wa rangi hupendeza kwenye mashine yoyote. Na mwende wawili. Msimame hatua 3 kutoka ukutani, mmoja kushoto, mmoja kulia, kama mtakavyokaa nyumbani, muone kama maandishi ya chini yanasomeka kwa wote wawili.